Kadi ya Grafiki Inapochemka Dodoma: Hewa Kwanza, Bisibisi Baadaye

Kompyuta iliyofanya kazi vizuri mwezi wa Juni inaanza kujizima mwezi wa Novemba. Mwenyewe hajaongeza kitu, hajaidondosha, hajaweka programu mpya. Anaipeleka kwa fundi, na fundi anatoa hukumu ya maneno mawili: "Kadi imechoka." Inafunguliwa, inapakwa pesti mpya ya kupitishia joto, inapulizwa, inafungwa, mteja analipa. Wiki chache baadaye mvua za kwanza zinanyesha, hewa inapoa, kompyuta inatulia, na fundi anapata sifa ambazo kwa haki zingekwenda kwa mawingu.

Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba Dodoma na uwanda wote wa kati, kuanzia Kongwa na Mpwapwa hadi Manyoni na Singida, kadi ya grafiki inayopata moto kupita kiasi mara nyingi inasumbuliwa na mahali ilipo kabla ya kusumbuliwa na ubovu wake yenyewe. Mambo hayo mawili yanatenganishwa kwa hesabu moja ndogo ambayo wengi wetu hatuifanyi: kutoa joto la chumba kwenye joto la kadi. Mengine yote, pesti, pedi, feni, hata kununua kadi mpya, yanafuata baada ya hesabu hiyo.

Zamani tatizo hili lingekuwa la wacheza gemu wachache. Lakini tangu Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali inahamia Dodoma, na hivyo kulifufua azimio lililopitishwa na TANU mwaka 1973, mji huu haujapumzika kujengwa. Ulipewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018, na sensa ya 2022 ikahesabu wakazi 765,179. Kila kiwanja kinachopimwa Iyumbu, Nzuguni au Mkonze kinahitaji ramani, na mteja wa siku hizi haridhiki na ramani ya mistari. Anataka kuiona nyumba yake kabla msingi haujachimbwa: paa la kijivu, gari limeegeshwa, maua getini, taa za jioni zimewashwa. Picha hiyo inapikwa na kadi ya grafiki. Ongeza wahariri wa video za harusi na sendofu, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma wanaofundisha mifumo ya akili mnemba kwenye laptopu zao hosteli, na vibanda vya PlayStation ambavyo mashine zake zina chipu ya grafiki ndani, nazo zinachemka vilevile. Anayecheza gemu hupumzika akifungwa goli. Kurenda picha ya nyumba hakuna mapumziko: kadi inabaki asilimia 100 kwa saa nzima, pengine saa tatu, na hapo ndipo udhaifu wowote unapojitokeza.

Tuanze na hewa, maana ndiyo mbebaji wa joto. Feni haipoozi kitu. Inasukuma hewa, na hewa ndiyo inayoondoka na joto. Dodoma iko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo, hewa yenye joto sawa na ya Dar es Salaam ni nyepesi kwa kama asilimia 12. Feni ikizunguka kwa kasi ileile inasukuma ujazo uleule, lakini ndani ya ujazo huo mna hewa pungufu ya kubeba joto. Kwa kadi ambayo Dar ingekuwa nyuzi 50 juu ya joto la chumba, hesabu inatoa ongezeko la nyuzi 3 hadi 5 hivi ikiletwa huku, bila kosa la mtu yeyote. Si nyingi. Ila kwa kadi iliyokuwa tayari ukingoni, nyuzi nne zinatosha kuisukuma.

Nairobi na Iringa ziko juu zaidi, na mtu anaweza kuuliza mbona huko kilio ni kidogo. Jibu ni kwamba kule mwinuko umekuja na baridi yake. Hewa ni nyepesi lakini inaingia kwenye mashine ikiwa imepoa. Dodoma imepewa mwinuko ikanyimwa baridi, angalau kwa miezi ya Oktoba na Novemba, ambapo wastani wa joto la mchana unafika nyuzi 30 au 31 kivulini. Kivulini, nasisitiza. Kwenye fremu ya bati isiyo na dari, yenye mlango mmoja na kompyuta mbili zinazofanya kazi, saa tisa alasiri ni habari nyingine kabisa.

Halafu kuna vumbi. Mvua ya Dodoma haifiki milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ardhi imelala wazi, na kuanzia Agosti upepo unaongezeka na visulisuli vinaonekana vikitembea uwandani mchana kweupe. Vumbi hili lina historia ya kuwashinda watu wenye mashine. Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga Kongwa mwaka 1947 walileta matrekta ya mabaki ya vita, na udongo wa pale, unaokuwa mgumu kiangazi na wenye chembe za mchanga zinazosaga chuma, ulichangia kuyamaliza majembe na vipuri hadi mradi ulipofutwa 1951. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kupambana na mmomonyoko, na 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa. Miaka ya karibuni limeongezwa vumbi la ujenzi: barabara ya mzunguko wa nje yenye kilomita 112, viwanja vinavyosafishwa, malori ya mchanga na kokoto. Ukiishi Ihumwa au Nala unajua rangi ya shuka zako zikianikwa nje.

Vumbi la namna hii halikai mahali ambapo watu wanalitafuta. Ukiitazama kadi iliyofanya kazi kiangazi chote, mabawa ya feni yanaweza kuwa na utando mwembamba tu, na mwenyewe akasema ni safi. Fungua skrubu za kava la feni, liinue taratibu bila kukata nyaya zake, kisha tazama chini yake. Vumbi limejipanga kwenye midomo ya mapezi ya aluminiamu, upande uleule upepo unakoingilia, limeshikana na nyuzi za nguo na nywele hadi likawa kipande cha blanketi chenye rangi ya tofali. Ukilishika kwa kibano linatoka zima. Nyuma yake mapezi yanang'aa kama siku yalipotoka kiwandani, kwa sababu upepo haukuwahi kupita hapo tena. Feni ilikuwa inavuma mizunguko elfu tatu kwa dakika ikipiga ukuta.

Hapa ndipo wengine wanapokwenda gereji ya jirani kupuliziwa na kompresa ya matairi. Naelewa mantiki yake, ni haraka na bei yake ni ya soda. Lakini kompresa ile ina presha kubwa mno kwa kazi hii, hewa yake hubeba maji na mafuta ya mashine, na feni ya kadi ikiachwa ipeperushwe na presha hiyo inazunguka kuliko ilivyoundwa, beringi inaumia. Kama huna kipulizio cha umeme cha kompyuta, brashi laini ya rangi na subira vinatosha. Ukipuliza kwa chochote, shika bawa la feni kwa kidole lisizunguke.

Chumba chenyewe kinachangia kuliko tunavyokubali. Kompyuta inawekwa sakafuni, kimo kilekile cha vumbi la ufagio kila asubuhi. Inasukumwa ukutani ili nyaya zisionekane, na tundu la kutolea hewa la nyuma linabaki na nafasi ya vidole viwili. Na zaidi ya yote, kile kitambaa cha kufuma. Mama au dada amekifuma kwa mikono, kimewekwa juu ya kompyuta kuipendezesha, kimeshuka ubavuni na kuziba matundu. Najua si rahisi kumwambia shangazi aondoe kitambaa chake. Mwambie kikae juu ya runinga.

Sasa twende kwenye kupima, maana bila kupima hayo yote ni mazungumzo ya kijiweni.

Unahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni programu ya bure inayosoma vihisi vya kadi, kama HWiNFO au GPU-Z. Cha pili ni kipimajoto cha chumba, hata kile cha ukutani cha bei nafuu, kikiwekwa karibu na tundu ambalo kompyuta inavutia hewa, mbali na lile inalotolea. Funga kasi ya feni isibadilike, tuseme asilimia 70, kwa programu kama MSI Afterburner. Usipofanya hivyo, feni itaongeza kasi kadiri joto linavyopanda na vipimo vya siku mbili tofauti havitalinganishika. Kisha ipe kadi kazi yako halisi, ileile inayokusumbua, kwa dakika 20. Andika joto la kadi, joto la chumba, na wati ambazo kadi inakula.

Chukua kijana anayerenda nyumba kwa RTX 3060, kadi ambayo kiwango chake cha umeme ni wati 170. Juni chumba kilikuwa nyuzi 24, kadi nyuzi 74. Tofauti ni 50. Novemba chumba kina 34, kadi ina 84. Anashtuka, maana karibu na 83 kadi hiyo huanza kujipunguza kasi ili isiungue, na kweli picha sasa inachukua muda mrefu kidogo kuliko ilivyokuwa Juni. Lakini toa: 84 kuondoa 34 ni 50. Kadi haijabadilika hata kidogo. Ukipaka pesti mpya hapo umemtibu asiyeumwa. Mgonjwa ni chumba.

Geuza mfano. Ni Julai, chumba kina 24, na kadi ileile kwa wati zilezile inasoma 86. Mtu wa kawaida hatashtuka sana, ni nyuzi mbili tu zaidi ya Novemba iliyopita. Tofauti sasa ni 62. Hapo kuna jambo ndani ya mashine, na ukisubiri hadi Novemba utapata 96, au tuseme hutaipata kabisa, kwa kuwa kadi itakuwa imejipunguza kasi au kujizima kabla. Namba moja peke yake ilisema "afadhali". Tofauti ilisema "fungua".

Ndiyo sababu siamini sana orodha zinazosambaa za "joto salama la kadi ni hili". Zinaandikwa na watu ambao vyumba vyao vina nyuzi 20 mwaka mzima. Kadi nyingi za NVIDIA zimewekewa kikomo kati ya nyuzi 88 na 93, na AMD huruhusu sehemu yenye moto kuliko zote ndani ya chipu ifike 110. Vikomo hivyo ni vya kuilinda chipu isife. Havikwambii kama mashine yako iko sawa.

Tofauti ikishaonekana kubwa, kipimo kinachofuata hakihitaji kifaa chochote. Ondoa ubavu wa kesi, rudia kazi ileile. Joto likishuka kwa nyuzi tano au zaidi, kadi ilikuwa inavuta hewa yake yenyewe iliyokwisha kuchemka, na tatizo ni mzunguko wa hewa ndani ya kesi. Lisiposhuka, tatizo limo kwenye kadi. Jaribio la dakika 20 linakuepusha kufungua skrubu ambazo hazikuwa na kosa.

Kesi zinazokosa hewa zimejaa nchini kwa sababu inayoeleweka. Soko letu linaendeshwa na kompyuta za ofisini zilizotumika Ulaya na Marekani, Dell OptiPlex na HP EliteDesk, nyembamba, imara, za bei inayoshikika. Zilitengenezwa kwa ajili ya barua na majedwali. Kijana anatia humo GTX 1650 fupi inayokula wati 75, kiwango cha juu ambacho sloti ya madabodi inaruhusiwa kutoa, ikakaa sentimita chache kutoka kwenye pawa saplai na karatasi ya bati. Kadi hiyo ni nzuri. Ndani ya kesi hiyo, Dodoma, Novemba, haina pa kupumulia, na kuiacha bila kifuniko kunalialika vumbi. Ushauri wangu ni kesi kubwa ya kawaida kabla ya kadi kubwa, ingawa najua hakuna anayejisifia kesi.

Kabla ya kwenda ndani zaidi kuna kengele za uongo za kuondoa. Ya kwanza: feni zilizosimama. Kadi nyingi za sasa huzimisha feni zake kabisa hadi joto lifike nyuzi 50 au 60 hivi. Mteja anafungua kesi, anaona feni zimelala, anakimbilia kwa fundi. Hakuna kilichoharibika.

Ya pili ni umeme, na hii ni muhimu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kadi iliyochemka kwa kawaida hupunguza kasi kwanza, na ikizidiwa skrini huwa nyeusi huku feni zikivuma kwa nguvu zote na sauti ya muziki pengine ikiendelea. Kompyuta nzima ikizimika ghafla kama imechomolewa, shuku pawa saplai, waya au TANESCO kabla ya kushuku joto la kadi. UPS ndogo ya VA 650 inayouzwa kila duka hutoa wati zisizofika 400. Kompyuta yenye kadi ya wati 200, prosesa inayofanya kazi na monita iko ukingoni. Umeme ukipepesa, UPS inazidiwa na kukata, na mwenyewe anasema "imezima kwa moto" kwa sababu kesi ilikuwa ya moto alipoigusa. Ilikuwa ya moto, ndiyo. Haikuwa sababu.

Ya tatu ni programu. Kompyuta ikiwa imekaa tu, hakuna ulichofungua, na kadi inaonyesha kazi ya asilimia 90, kuna mtu anaitumia bila ruhusa yako. Programu zilizovunjwa kufuli, zile za kuchorea na kuhariri zinazogawanywa kwenye flashi, mara kwa mara hubeba vidudu vya kuchimba sarafu za kidijitali. Unalipa umeme wa mtu usiyemjua. Wakati mwingine kosa ni la watengenezaji wenyewe: mwezi Machi 2010 NVIDIA ililazimika kuondoa toleo la draiva 196.75 baada ya kubainika kuwa linavuruga uendeshaji wa feni, na mwaka huohuo kampuni ya Blizzard ilikiri kwamba baadhi ya skrini za gemu la StarCraft II, zile za menyu zisizo na mchezo wowote, zilikuwa zinaiachia kadi ichore picha kwa kasi yote iliyonayo. Menyu tupu ilikuwa inachemsha kadi kuliko vita yenyewe. Somo lake bado lina kazi: weka kikomo cha picha kwa sekunde, 60 zinatosha kwa monita nyingi zilizopo mijini kwetu.

Sasa ndani ya kadi. Programu ikikuonyesha namba mbili, joto la wastani la chipu na joto la sehemu yenye moto kuliko zote, tazama pengo lake. Likiwa nyuzi 10 hadi 15, pesti inafanya kazi. Likipita 25, pesti imekauka au imesukumwa pembeni na kupanuka na kunywea kwa chipu mwaka baada ya mwaka, na hapo ndipo fundi mwenye pesti anapostahili hela yake. Kumbukumbu ya kadi ni suala jingine: chipu zake zinapoozwa na pedi laini, si pesti, na pedi zina unene wake, nusu milimita, moja, moja na nusu, mbili. Fundi akiweka pedi nene kuliko ya mwanzo, kipozeo kinanyanyuka na chipu kuu inapoteza mgusano. Kadi inarudi kwa mteja ikiwa na joto zaidi ya ilivyokwenda, na kila mmoja anamlaumu mwenzake. Pima pedi ya zamani kabla ya kuitupa.

Kosa la kiwandani lipo pia, ingawa ni adimu kuliko vijiwe vinavyodai. AMD ilipotoa kadi ya RX 7900 XTX Desemba 2022, baadhi yake zilifika nyuzi 110 na kupunguza kasi. Roman Hartung, mtaalamu wa Ujerumani ajulikanaye kama der8auer, alionyesha kwamba joto lilibadilika kulingana na namna kadi ilivyolazwa, na Januari 2023 kampuni ikakubali kuwa chemba za mvuke za kundi fulani la kadi hazikuwa na kimiminika cha kutosha. Alichofanya Hartung kinaigika na yeyote: laza kompyuta ubavu, rudia kipimo. Tofauti ikibadilika sana, kipozeo chenyewe kina kasoro, na hakuna pesti itakayoiponya.

Kubwa zaidi ilitokea 2008. Julai mwaka huo NVIDIA ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zikifa kwa udhaifu wa vifaa vilivyoishikilia chipu kwenye kitako chake. Laptopu za HP, Dell na Apple ziliguswa. Ugonjwa huo ndio uliotuzalishia tiba ya bloa: kuipasha moto kadi hadi risasi ilainike na muungano uliopasuka ugusane tena. Inawaka, mteja anafurahi, na baada ya wiki au miezi inazima tena, kwa kuwa mpasuko ulikuwa chini ya chipu yenyewe na haukuungwa, ulisogezwa tu. Fundi akikwambia ataipiga bloa kadi iliyokuwa na shida ya joto tu, joto lisilo na mistari wala madoa ya rangi kwenye skrini, chukua mzigo wako.

Neno moja kuhusu kadi zilizotumika. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na kadi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamwagwa sokoni duniani kote. RX 580 na ndugu zake bado zinauzwa, na kwa bei yake si ununuzi mbaya. Ila hesabu kwamba feni na pedi zimekwisha umri, na bei ya kuzibadilisha iwe ndani ya bei unayoitaja unapopatana.

Tiba ambayo ningeipendekeza kwanza haigharimu shilingi. Teremsha kikomo cha umeme wa kadi. Joto linaenda sambamba na wati, wakati wati zenyewe hupanda kwa kasi kuliko kazi inayofanyika, kwa sababu kadi ikikimbilia mwendo wa mwisho huhitaji volteji kubwa, na matumizi ya umeme hukua kwa mraba wa volteji. Rudi kwa yule kijana wa RTX 3060. Akiishusha kutoka wati 170 hadi asilimia 75, inabaki 128 hivi. Tofauti yake ya 50 inashuka hadi 38. Novemba, chumba kikiwa 34, kadi inasoma 72 badala ya 84, na kasi anayopoteza kwa kawaida ni asilimia chache, mara nyingi chini ya 10, ambayo sehemu yake alikuwa akiipoteza tayari kadi ilipokuwa inajipunguza yenyewe. Watengenezaji huwasha kadi zao kwa kikomo cha juu ili zionekane za kwanza kwenye majedwali ya ulinganisho. Sisi hatuko kwenye mashindano hayo.

Ya pili, panga kazi nzito usiku. Uwanda huu una tabia njema moja ambayo Pwani haina: jua likizama hewa inapoa kweli, na kati ya alasiri na alfajiri kuna nyuzi kumi au zaidi. Renda saa sita usiku. Mteja hajui picha yake ilipikwa saa ngapi.

Ya tatu ni vipozeo vya maji, zile feni za plastiki zenye tangi. Dar es Salaam ni hasara, hewa imeshashiba unyevu. Dodoma ya Septemba hewa ni kavu na maji yanavukizwa kwa kasi, kwa hiyo chumba kinapoa kweli, kwa sharti kwamba dirisha la upande wa pili liwe wazi na upepo wake usielekezwe kwenye kompyuta, maana unyevu ukikutana na vumbi ndani ya mapezi unafanya tope. Mvua zikianza, kizime, hakitakusaidia tena.

Kuhusu vumbi, inua kompyuta sakafuni, deki badala ya kufagia, weka chujio la wavu mbele ya feni za kuingiza hewa na hakikisha zinazoingiza ni nyingi kuliko zinazotoa, ili hewa isukume kutoka ndani kwenda nje kwenye kila mwanya. Safisha chujio kila wiki kiangazi, na kadi yenyewe mara mbili: Agosti kabla ya upepo mkali, na Novemba kabla ya joto kufika kileleni. Pesti haihitaji ratiba. Inasubiri pengo likuambie.

Nawaomba mafundi wa Majengo, Sabasaba na kila fremu yenye bisibisi jambo moja. Kabla hujafungua kadi ya mteja, andika kwenye risiti joto la chumba, joto la kadi na wati. Ukishaifunga, andika tena hayo matatu chini yake. Na wewe mteja, ukikutana na fundi asiyetaka kuandika, mshukuru na umpelekee mwingine.